Gari Lililolala Mteremkoni

Nyumba yetu ya Kabambare iko juu ya mteremko, na barabara inapita chini yake. Tangu nilipokuwa mtoto, pikapu ya baba ililala uani ikiwa imeelekeza pua barabarani, mawe mawili yamezuia magurudumu ya mbele. Asubuhi baba alitoa mawe, akaingia, akaiacha ishuke kwa uzito wake. Ikikaribia mfereji aliachia klachi, gari likakohoa mara moja, likashika. Sisi watoto tulijua kwamba gari huwaka hivyo, kama tulivyojua kwamba mlango hufunguliwa kwa kusukumwa.

Magari machache yaliyobaki huku kwetu yanaishi namna hiyo. Hata Salamabila, pikapu za wachuuzi wa dhahabu hupandishwa vilimani jioni, na mwenye gari akitafuta nyumba ya kupanga huuliza mteremko kabla ya kuuliza kisima. Sababu ya gari letu ilijulikana na wote: demarere imechoka, yaani ule mtambo wa kuwashia. Nani aliyesema hivyo mara ya kwanza, sijui. Baba alikuwa akisafirisha mawese na mchele kwenda Kasongo, akirudi na sabuni na chumvi, na katika kazi hiyo yote sikuwahi kumwona akijaribu kuliwasha mahali palipo sawa.

Baba alikuwa na tumbo pia. Tulilisema hivyo, kama mtu mwingine anavyokuwa na shamba. Alilalia ubavu wa kushoto, mto umekunjwa chini ya mbavu. Alikula bugali kidogo kidogo, na mama aliupika laini bila kuambiwa. Hatukuketi upande wake wa kulia, kwa sababu huko ndiko alikokuwa akijinyoosha ghafla. Mtu akimuuliza, alijibu, “Ni tumbo ya safari, itatulia.” Na kweli lilitulia, akishapata namna yake ya kukaa.

Mwaka niliorudi kutoka chuo kikuu Kindu na kuanza kungoja kazi, alinifundisha kuendesha. Nadhani alikuwa amechoka kuniona nimeketi barazani nikifikiri. Nilikuwa mtu wa kufikiri hadi jambo linaharibika mikononi. Nikitumwa chumvi, nilijiuliza kwanza ikiwa mvua itanyesha, ikiwa muuzaji amefunga, ikiwa nitakutana na mtu atakayeniuliza habari za kazi.

Kisha tumbo lilikataa kutulia. Baba alishindwa kuketi. Muuguzi wa kituo chetu alimgusa, akatuita nje mimi na mama, akasema hawezi kufanya kitu. Lakini kuna daktari mpasuaji amefika Kasongo, na ataondoka mwisho wa juma. Tumpeleke haraka. Pikipiki haikuwezekana, maana mtu asiyeweza kuketi atafungwaje nyuma ya dereva? Kumbeba kwa kipoyi, machela ya mabegani, hadi Kasongo kungemmaliza njiani. Ilibaki pikapu, na dereva wa pikapu nilikuwa mimi.

Jioni hiyo nilifikiri sana. Tutamlaza kwenye godoro nyuma, kichwa kikielekea kwa dereva. Lakini gari likiwa limeinamisha pua barabarani, kichwa chake kitakuwa chini kuliko miguu wakati wa kumpakia na kumfunika. Nililiwasha kwa kuliteremsha, nikalizungusha barabarani, nikalipandisha uani likiwa limeelekeza pua kwenye nyumba. Sasa kichwa chake kitakuwa juu. Niliweka mawe nyuma ya magurudumu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikahisi kwamba akili yangu imefaa kitu.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, niliingia nikageuza ufunguo. Demarere tuliyoihukumu kuwa imechoka ilizunguka vizuri, kwa nguvu. Gari halikuwaka. Nikajaribu tena, na tena. Ilizunguka tu, kama mtu anayetafuna mdomo mtupu.

Chini barabarani motari wawili, vijana wa kubeba abiria, walikuwa wameegemea pikipiki zao.

“Mademoazeli!” mmoja akaita. “Hiyo ni gari ao ni mwanafunzi? Mbona inarudia masomo?”

“Acha, mwenzangu,” akajibu wa pili. “Lisansi ya chuo kikuu iko inaisemesha Kifaransa. Gari ni ya hapa, haisikii.”

Walicheka, kisha wakapanda mlima wakiwa wamekunja mikono ya mashati. Walitaka tulirudishe barabarani tulisukume. Lakini dirisha la chumba cha baba lilifunguka, na mama akatoa kichwa.

“Baba yako anasema musiisukume.”

“Kwa nini, mama?”

Akarudi ndani, akatokea tena. “Anasema ukiisukuma hapa, na kule kwenye mbuga itazimika. Kule hapana mlima, hapana watu. Utamuacha pale juani?” Akageuka kusikiliza ndani. “Tena anasema, watamusukuma akisha kufa.”

Motari walishusha macho. Kisha yule wa kwanza akasema kwa sauti ya kufika dirishani, “Mzee, sisi hatuna haraka hiyo!” Tukasikia baba akicheka ndani, kicheko kifupi kilichokatika kwa maumivu.

Basi ilibidi tujue sababu. Na hapo kichwa changu kilifanya kama kawaida yake: kilinileta mbele ya sababu zote kwa mara moja. Betri. Buji za kupasha moto injini. Pampu. Maji ndani ya mazutu, yaani dizeli. Pengine nililiharibu jana nilipolizungusha. Pengine sikulizima vizuri. Nilisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, na sikugusa kitu.

“Koko!” Ilikuwa sauti ya baba mwenyewe, nyembamba. Koko ni bibi, na aliniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Alisema jambo moja kisha akachoka, na mama akalibeba hadi dirishani.

“Anasema usiiangalie yote. Geuza ufunguo, uangalie moshi tu.”

Motari mmoja akaingia kugeuza ufunguo, mimi nikaenda nyuma kuinama kwenye bomba la moshi. Demarere ikazunguka. Niliweka kiganja pale. Hakikutoka kitu, hata harufu.

“Hapana moshi,” nikasema.

“Hata mweupe?” mama akauliza, baada ya kwenda na kurudi.

“Hata mweupe.”

Tukamsikia baba akipumua. Mama alikaa ndani muda mrefu kuliko mwanzo.

“Anasema, buji zikikufa moshi mweupe unatoka, kwa sababu mazutu inaingia lakini haiungui. Kama hapana moshi kabisa, mazutu haifiki. Uache injini, ufuate mazutu kutoka inakotoka. Na mimi ninasema mukunywe chai kwanza, muko munatetemeka wote.”

“Hiyo ya chai ni ya baba?” motari akauliza.

“Hiyo ni yangu. Kunywa.”

Tulikunywa. Kisha nikafuata mazutu. Juu ya chujio kuna kitufe cha kupampu kwa mkono. Nilikibonyeza, kikashuka bila kunipinga, kama ninabonyeza hewa. Na ilikuwa hewa. Nililegeza skrubu ndogo ya pembeni, nikapampu, na povu likatoka kwa muda mrefu kabla ya mazutu safi kufuata. Kitufe kikawa kigumu. Nikafunga, nikageuza ufunguo, na gari likashika papo hapo.

Motari walipiga makofi. Mama alipiga kigelegele kimoja akakikata. Nilitaka sana mambo yaishie hapo. Lakini hewa iliingia wapi? Kwa mara moja, ule ugonjwa wangu wa kuuliza ulikuwa kazi yenyewe. Nililizima gari, wote wakinipigia kelele, nikalala chini yake na kupapasa bomba la mazutu kutoka tanki lililo nyuma hadi chujio lililo mbele. Karibu na chujio kuna kipande cha mpira. Kilikuwa kimevaa vumbi jeusi lenye mafuta. Nililijua vumbi hilo, kwa kuwa nilimwona baba akilifuta kwa kitambaa kila Jumapili, akidhani ni uchafu wa injini. Nilipoukunja mpira, ulifungua ufa kama mdomo.

Ndipo nilipoelewa, nikiwa chali kwenye matope. Pua ikielekea chini, tanki huwa juu. Mazutu hubaki ndani ya bomba, na kupitia ufa huo hutoka tone moja tu. Pua ikielekea juu, hewa huingia kwenye ufa, mazutu yote hurudi tankini usiku. Pengine mahali palipo sawa ilikuwa hivyohivyo, ndiyo maana zamani mtu alijaribu mara chache, akailaumu demarere, akatafuta mteremko. Na mteremko ulitusaidia kiasi kwamba hakuna aliyeuliza tena.

Nilikata ncha iliyopasuka, nikaurudisha mpira, tukaufunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli na waya, nikapampu tena, na gari likashika. Nilipeleka kile kipande kilichokatwa chumbani. Baba alikigeuza kati ya vidole, akakikunja, akautazama ufa.

“Kidogo hivi,” akasema.

Alikishika mkononi wakati tunambeba kwenda kwenye godoro, kichwa kikiwa juu kama nilivyopanga.

Njia ya Kasongo ilikuwa mashimo na madaraja ya magogo, na kwenye kila shimo nilisikia sauti yake nyuma, kisha sauti ya mama ikimjibu. Sikulizima gari hata mara moja. Tulipoingia uwanja wa hospitali, mahali pa tambarare kabisa, bado nilishindwa kuachia ufunguo.

“Zima, mwanangu,” mama akasema kupitia kioo cha nyuma. “Tumefika.”

Daktari alikuwa kijana, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimbonyeza baba ubavuni, akauliza maumivu yalianza lini. Mama, aliyembebea maneno siku nzima, akafungua mdomo. Baba akamgusa mkono.

“Acha, nitasema mwenyewe.” Akatazama dari. “Ni zamani, daktari. Hawa watoto walikuwa wadogo. Nikilalia upande wa kushoto, inanyamaza. Basi nikawa ninalalia kushoto.”

Daktari hakumkaripia. Aliandika, akatoka kuwaita wasaidizi.

Alimpasua kesho yake. Baadaye alituketisha, akasema ametoa kipande cha uvimbe alichoweza kutoa, na kwamba kingine kimeenea, hakikatiki tena. Miaka iliyopita kingekuwa kidogo. Alisema kidogo kwa vidole viwili, na mama akageuza uso.

Asubuhi niliwasha gari pale uwanjani ili tu nijue. Likashika. Nilipoingia wodini nilimkuta baba amelala chali, mikono kandokando. Sikuwahi kumwona amelala hivyo, na kwa kitambo nilisimama mlangoni nikiogopa.

“Nimeisikia,” akasema. “Imeshika mara moja.”

“Ndiyo, baba.”

“Pa tambarare.”

“Ndiyo.”

Akafumba macho.

Tulimrudisha nyumbani, akakaa nasi hadi mahindi yalipokauka shambani. Sasa ninaendesha mimi, mawese kwenda, sabuni kurudi, na gari hulala kando ya nyumba mahali palipo sawa. Mawe yale mawili bado yako mteremkoni. Nilitaka kuyaondoa, mama akakataa. Jioni huketi juu ya moja lao, akielekea barabarani, akimenya mihogo.