Bwawa Lililovuka Barabara

Mwaka wangu wa tatu nikifundisha jiografia Garissa, mtafiti mmoja alikuja shuleni kwetu kuomba umeme. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa bara, aliyekuwa akichunguza hirola, yule swala adimu mwenye alama nyeupe kuzunguka macho kama aliyevaa miwani. Nyumba aliyopanga haikuwa na umeme, na nyuma ya gari lake kulikuwa na kompyuta iliyofungwa kwa blanketi. Mwalimu mkuu alimpa chumba cha ramani, kilichokuwa chini ya uangalizi wangu, kwa sharti moja: awafundishe wasichana wetu kuitumia.

Mwanafunzi wake wa kwanza nikawa mimi.

Programu ya kuchora ramani ilikuja kwenye diski zaidi ya ishirini, kila moja imeandikwa namba yake kwa kalamu ya wino.

"Hii hainunuliwi," aliniambia. "Walioitengeneza wameitoa kwa yeyote. Tena maagizo yote waliyoandika yamo humu humu. Unaweza kuyasoma, na ukitaka, kuyabadilisha."

Nilimwomba arudie. Utotoni nilichapwa kwa kufungua redio ya baba nione sauti inakaa wapi, na sasa nimeletewa chombo ambacho waliokiunda wenyewe wanasema kifungue. Kila nilipomaliza kusahihisha madaftari nilikwenda kukaa mbele ya kile kioo cha kompyuta. Ramani ilijichora mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, taratibu kama mtu anayekunjua mkeka.

Barabara na vichaka tulivinakili kutoka ramani ya zamani ya karatasi. Mabwawa na hirola vilitoka kwenye kifaa cha mkononi kinachopokea ishara za setilaiti na kukuambia uko wapi. Mtafiti alikuwa amewaajiri wachungaji watembee nacho Ijara nzima, na kila walipoona hirola wakaandika namba za mahali hapo na kumletea. Kila namba ikawa nukta nyekundu.

Maziwa ya chai ya walimu yaliletwa na mama mmoja wa Kisomali aliyekulia Ijara akichunga ng'ombe wa babake. Sote tulimwita eedo, yaani shangazi. Asubuhi moja alipita dirishani, akaona rangi zile, akatua jerikani na kuingia.

"Maalim, hii nini?"

"Ni Ijara, eedo. Huu mstari ni barabara ya kwenda Sangailu. Hili la buluu ni bwawa."

Aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Bwawa hapana iko hapa. Mimi nabeleka ng'ombe Sangailu asubuhi, jua iko kwa macho. Bwawa iko mkono hii." Akainua mkono wa kushoto. Kwenye kioo, bwawa lilikuwa chini ya barabara, yaani kulia kwa anayeelekea mashariki.

Mtafiti alitabasamu. "Kifaa hukosea kidogo, eedo. Wenye setilaiti ni wanajeshi, na huzichanganya ishara makusudi."

"Na hii nyekundu?"

"Hirola."

Eedo aliguna. "Hirola ndani ya kichaka? Aabo! Huko simba iko. Hirola nabenda nyasi fupi, anaona mbali." Akabeba jerikani yake akaenda zake jikoni.

Maneno yake yalinikaa. Kama kifaa kinakosea ovyo, nilijiuliza, mbona kisikosee huku na huku, nukta nyingine zikabaki kwenye nyasi? Jumamosi nilikiazima nikaenda nacho katikati ya daraja la Tana, mahali ambapo hata ramani ya zamani haikuweza kupakosea. Nilikuwa bado naandika namba askari wa zamu aliponijia.

"Wewe unapima daraja?"

"Hapana, afande. Napima mimi niko wapi."

"Uko Garissa," alisema, akanionyesha kwa rungu njia ya kurudi.

Nilirudi, lakini namba nilikuwa nazo. Nikapitia uwanja wa ndege nikachukua nyingine, na nyingine tena pale langoni pa shule. Nilipoziingiza kwenye kompyuta, nukta ya daraja iliangukia majini, upande wa chini mto unakoelekea. Ya uwanja wa ndege ilisogea vivyo hivyo, na ya lango pia. Zote zilikwenda kusini, na kwa karibu umbali uleule, kama mita mia tatu. Hiyo haikuwa ovyo hata kidogo.

Mtafiti alipoona, aliweka kikombe chini. "Dunia si mpira kamili," alisema polepole. "Waliopima ile ramani ya karatasi walitumia umbo moja la dunia. Setilaiti zinatumia jingine. Na mimi nimeziweka pamoja kama ndugu. Hirola wangu wote nimewaweka pasipo pao."

Hapo ndipo nilipofurahi kwamba programu ile ilikuwa inafunguka. Tulitafuta ndani yake orodha ya maumbo ya dunia. Tukakuta yanayotumika Ulaya, Marekani, hata Bara Hindi. Linalotumika kwetu halikuwamo. Nilikwenda kwa mpimaji wa ardhi wa wilaya. Alipekua kabati lake na kutoa ukurasa uliogeuka manjano, wenye namba tatu zinazosema umbo la zamani limeachana na lile la setilaiti kwa kiasi gani. Tuliongeza mstari mmoja kwenye orodha, tukaiagiza kompyuta iijenge programu upya. Iliunguruma tangu adhuhuri hadi alasiri, na sisi tukiipepea kwa majalada ya vitabu.

Tulipochora ramani tena, bwawa lilisogea. Lakini lilisogea kusini zaidi! Mtafiti alishika kichwa. Nyuma yetu msichana wa kidato cha tatu, aliyekuwa akilinganisha kioo na ule ukurasa, alisema, "Mwalimu, hapa kuna alama ya kutoa. Nyinyi hamkuiandika."

Tuliandika, tukangoja tena. Safari hii bwawa lilivuka barabara likatua kaskazini, mkono wa kushoto alioonyesha eedo, na wasichana wakapiga makofi. Mtafiti hakupiga. Alikuwa akitazama nukta nyekundu, ambazo karibu zote zilikuwa zimetoka vichakani na kusimama kwenye nyasi.

"Nimeandika sura nzima ya utafiti wangu," aliniambia wasichana walipotoka, "kwamba hirola wa Ijara wamejifunza kujificha vichakani. Nimeisoma mbele za watu Nairobi. Wale wachungaji waliwaona kwa macho yao, na mimi sikuwauliza wameona nini. Niliwauliza namba tu."

Nilimwongezea chai.

Asubuhi iliyofuata alimngoja eedo langoni, akambebea jerikani, akamwomba akae naye. Wasichana waliketi sakafuni wakitafsiri Kisomali palipohitajika, na eedo akaeleza nyasi zilikuwa wapi alipokuwa msichana na wapi sasa pameota miiba. Tulichora kila alichosema. Shule ilipofungwa wengine wao waliwauliza mama zao, wakarudi na mengine. Kutoka huko tulipata ramani ambayo hakuna karatasi wala setilaiti iliyokuwa nayo: mahali ambapo malisho yamekufa, kipande kwa kipande.

Mtafiti aliitupa ile sura akaandika nyingine, akawashukuru wachungaji na eedo mwanzoni kabisa. Mstari wetu aliwatumia watengenezaji wa programu kwa posta. Toleo jipya lilipotufikia, nilifungua orodha kabla hata ya kunywa maji. Umbo letu lilikuwamo, na alama ya kutoa ilikuwapo.

Yule msichana aliyeiona alinijia siku hiyo na swali. "Mwalimu, na kama karatasi na setilaiti zote mbili zimekosea mahali pamoja, tutajuaje?"

Ijumaa hiyo tuliomba lori la shule, tukaenda Ijara kutazama kwa macho yetu.