Lenzi ya Baba na Ukuta wa Mama

Dada yangu mkubwa hupiga picha za majengo, na kwa ubishi hana mpinzani. Lenzi aliyorithi kwa marehemu baba haiweki chini. Ni ya chuma, nzito, ya zamani kabisa. Lenzi za siku hizi ukizifunga kwenye kamera hujitambulisha zenyewe, na kamera ikishajua ni lenzi gani, hunyoosha mistari ambayo kioo kimeipinda. Ya baba hukaa kimya. Inabidi mwenyewe uiambie kamera, na dada hakuwahi kujisumbua.

"Baba alipiga picha miaka thelathini bila kumtambulisha mtu," alikuwa akinijibu kila nilipomchokoza.

Mwezi uliopita ufa mwembamba ulitokea kwenye ukuta wa chumba cha mama. Mhandisi tuliyempigia simu alikuwa safarini, akaomba picha. Dada akapiga pembe ya nyumba kwa nje, akamtumia. Jibu likaja siku ileile: ukuta umetoa tumbo, mama ahame, ukuta ubomolewe.

Mama amelala katika chumba kile miaka arobaini. Alipanga nguo zake kwenye sanduku, akahamia kwenye kochi la sebuleni. Roho iliniuma. Dada alishika tama siku mbili, na kwa mara ya kwanza sikuthubutu kumtania.

Fundi wa kubomoa alikuja Jumamosi asubuhi. Ana tabia ya kutomwamini mtu yeyote kabla ya timazi yake, ule uzi wenye chuma mwishoni. Akauning'iniza kwenye pembe ya ukuta, akafumba jicho moja, akaguna.

"Mama, nani kakwambia ukuta huu umevimba?"

Mama akamnyooshea dada kidole.

Dada akakimbilia kamera, akapiga tena pembe ileile, uzi ukining'inia palepale. Tukachungulia wote. Pichani uzi nao ulikuwa umetoa tumbo!

"Lenzi," dada akasema. Akaanza kuitafuta kwenye orodha ya kamera ili aitambulishe, akaipandisha orodha, akaishusha. "Haimo. Ni ya zamani mno."

"Kwani lazima ijue jina lake?" fundi akauliza. "Uzi wangu umenyooka. Wewe nyoosha picha mpaka uzi unyooke."

Dada akafungua kompyuta juu ya meza ya kulia, akaivuta picha kidogo kidogo. Uzi ulipokaa sawa, ukuta ukakaa sawa pamoja nao. Akamtumia mhandisi picha zote mbili. Tulingoja tukiwa tumesimama, hakuna aliyekumbuka viti. Simu ikalia.

"Ufa ni wa plasta tu," mhandisi akasema. "Fundi auzibe. Mama yenu arudi chumbani kwake. Na uzi huo usitoke tena kwenye picha zako."

Nilishusha pumzi. Dada alicheka huku machozi yakimtoka.

Mama alibeba sanduku lake mwenyewe. Mlangoni akageuka.

"Na ile picha ya mwaka jana, uliyonisimamisha katikati nikaonekana pipa? Ni lenzi hii hii?"

Dada akatazama sakafu. "Ndiyo, mama."

"Miezi sita nimekunywa chai bila sukari!"

Akaingia. Nilipompelekea kikombe, na sukari vijiko vitatu, nilimkuta keshalala mchana kweupe, kiganja chake kimeegemea ukuta.