Mwache Afike Kwanza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nasikia kengele za baiskeli. Ilikuwa miaka ya tisini, kabla sijaolewa huku Migori. Nilikuwa msichana wa Homa Bay mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi, na mdomo huo ndio uliowatia watu wasiwasi siku waliyonituma kiwanja cha ndege.

Mama mkubwa, mke wa kaka yake baba, alikuwa amefariki. Binti yake Atieno alikuwa akifanya kazi Nairobi. Alipigiwa simu kazini akaambiwa tu kwamba mama ni mgonjwa, aje. Kwetu mtu aliye safarini haambiwi kwamba amefiwa na mzazi. Anaambiwa akishafika ndani ya boma, penye watu wa kumshika. Mkubwa wake wa kazi, Mungu ambariki popote alipo, akamtafutia nafasi kwenye kindege kilichokuwa kinaleta watu wa mradi wa maji. Basi kila mtu alijua Atieno hana mama, isipokuwa Atieno mwenyewe.

Nyanya yetu, ambaye wajukuu wote tulimwita Dani, aliniita jikoni akaniambia nichukue boda boda mbili nikamlete dada yangu. Boda boda za wakati ule zilikuwa baiskeli, mwanangu, hizi pikipiki zenu zinazovunja watu miguu zilikuwa hazijaja. Kiti cha nyuma kilishonewa sponji na kupambwa nyuzi za rangi, na sisi wanawake tulikaa upande upande kama malkia. Hata hivyo niliona aibu.

"Dani, mtu ashuke kwa ndege apande baiskeli? Watu watatucheka. Si afadhali tungoje matatu?"

Dani aliacha kuchochea moto. "Kwa matatu mtakaa mkitazamana. Atakuuliza, na uso wako utamjibu. Halafu atapanda mtu anayetujua, aanze kumpa pole. Kwa baiskeli kila mtu anaangalia mgongo." Kisha akanishika mkono kwa nguvu, maana aliyelala ndani ya nyumba ile alikuwa mke wa mwanawe na rafiki yake. "Akikuuliza, usidanganye, na usiseme. Mwambie Dani amesema ufike kwanza."

Nikatoka kwenda kutafuta baiskeli. Nilikuwa nimezoea kudhani wazee wanashikilia mambo yao kwa ukaidi tu.

Tulikwenda na Omondi, mwendesha baiskeli wa mtaani kwetu, mtu mzima mwenye mapaja ya kupanda milima, pamoja na mwenzake. Wote wawili walijua. Kindege kilitua, vumbi likatulia, na Atieno akashuka na sketi yake nzuri ya ofisini. Mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa na pakiti za glukosi za mgonjwa. Nilipoziona zile pakiti nilishindwa kumtazama usoni. Niliinama haraka nikachukua begi lake, nikajifanya linanilemea.

"Boda boda?" akauliza.

"Madam, hii ni ndege ingine, ya chini kidogo," Omondi akamwambia. "Shika hapa kwa kiti, usiogope."

Atieno alicheka. Ah, mwanangu, nilipenda kicheko kile, na kiliniuma.

Tulikwenda sambamba pale barabara ilipokuwa tulivu. Mahindi yalikuwa yamechanua, watu walitupungia mikono, na mlima Asego ulianza kuonekana mbele. Kisha Atieno akauliza, akiwa ameelekeza uso barabarani, "Na mama, anakula?"

Nilikuwa na majibu mengi mdomoni. Ningesema anakula kidogo, ningesema yuko sawa, ningeangua kilio pale pale nianguke kutoka kwenye baiskeli. Nikautazama mgongo wa yule kijana aliyekuwa akinibeba, shati lake limelowa jasho, nikasema, "Dani amesema ufike kwanza."

Baiskeli ziliendelea kulia tu. Tulipoanza kuteremka kuelekea mjini, ziwa likajitokeza chini, kijani kitupu kwa magugu maji. Atieno akasema, "Ziwa limegeuka shamba! Mama alikuwa akinileta hapa kuchota maji, nikiogopa mawimbi ananiimbia." Akaanza kutuhadithia. Alisimulia mama yake akigombana na kuku, mama yake akivaa kiatu kimoja kwenda kanisani kwa haraka. Omondi alicheka kwa sauti, nami nikacheka huku machozi yakinitoka, na upepo ukayakausha.

Mjini, karibu na soko, ndipo nilipoogopa. Mwanamke mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alimwona Atieno. Aliinuka, mikono ikapanda kichwani, mdomo ukafunguka kutoa ukemi. Omondi akapiga kengele kwa nguvu.

"Mama, tupishe! Huyu bado hajafika!"

Yule mwanamke akashusha mikono polepole. Akajifuta uso kwa leso. "Karibu nyumbani, nyathina," akasema. Mtoto wangu. Basi.

Tulifika langoni. Dani alikuwa amesimama pale na wanawake wengine, mikono wazi, na Atieno alipomwona alishuka baiskeli haijasimama. Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu. Alilia akiwa ameshikwa pande zote.

Miaka mingi baadaye, tukichambua mboga nyumbani kwangu, Atieno aliniambia, "Nilijua tangu kiwanjani. Ulivyochukua begi bila kunitania, nilijua. Lakini hamkusema. Njia yote ile mama yangu alikuwa bado hai, na niliwahi kumsimulia akiwa hai."

Siku hizi, mwanangu, mtu anafiwa na mzazi akisoma kwenye simu, yuko peke yake kwenye foleni ya benki. Aliyeandika alitaka tu awe wa kwanza. Nakusihi usiwe wewe. Ukipata habari nzito ya mtu, jiulize yuko wapi na nani yuko karibu naye. Usimdanganye, lakini mpe muda afike. Nenda ukamchukue mwenyewe, hata kwa baiskeli, ubebe begi lake, na akitaka kukuhadithia habari za mama yake, msikilize, ucheke anapocheka.

Mungu akuzidishie miaka na akulainishie ulimi. Na siku habari itakapokuwa yako, barabara iwe ndefu kidogo, na langoni wawepo watu.