Usingoje Afike Darasa la Saba

Mwanangu Deo, tangu tulipoongea jana asubuhi sijatulia. Nimeshika jembe nikaliacha, nimeinjika maharage nikayasahau mpaka yakashika chini, na jirani aliyepita kunisalimu ameondoka akidhani naumwa. Siumwi. Ni lile neno lako. Nilikuuliza mjukuu wangu Grasiana anaendeleaje na shule, ukacheka kidogo, ukasema, "Mama, huyo bado yuko la tatu. Nitaanza kumfuatilia vizuri akifika la saba."

Ulilisema bila ubaya, najua. Ulikuwa na haraka ya kwenda shambani. Lakini neno hilo niliwahi kulisikia kwa mtu mwingine, na tangu jana linazunguka kichwani. Mdogo wako amenishikia simu nizungumze, anasema sauti itakufikia huko Nyamahanga na utaisikiliza ukipata nafasi. Basi itafute nafasi.

Naikumbuka Jumatatu moja, mwezi wa tisa, mvua za kwanza zimeshaanza. Nilikuwa bado kijana, nguvu zimejaa, na wewe ulikuwa mdogo wa kuning'inia kwenye kanga yangu. Nilikuwa natoka kuchota maji, hapahapa Nyantakara, nikamkuta msichana amekaa mlangoni, ana sweta la shule na matope mpaka magotini. Alikuwa Odilia, binti wa mjomba wako Filbert, kutoka kule kwetu Kirushya, upande wa Ngara.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nilipanda lori la ndizi."

"Baba yako anajua?"

Akatazama chini. Nilitua ndoo, nikasahau hata kumkaribisha ndani, kwa sababu nilijua mtihani wa darasa la saba unaanza Jumatano. Hata shule ya hapa kwetu walikuwa wameshapanga madawati. Na Odilia alikuwa darasa la saba.

Lazima nikueleze mjomba wako alivyokuwa, usije ukamwona mtu mbaya. Filbert alikuwa mchapakazi. Migomba yake ilikuwa imejaa mpaka bondeni, na kahawa juu kidogo. Januari ikifika alinunua sare na madaftari, akakabidhi, akaona kazi yake ya mwaka imekwisha. Mwalimu hakumjua, na yeye hakumjua mwalimu. Ukimuuliza habari za shule alikuambia mtoto akifika la saba ndipo atamkazania. Kisha mwaka ule, kwenye mkutano wa wazazi, wakasomewa matokeo ya mtihani wa majaribio. Odilia alikuwa mkiani. Filbert alirudi nyumbani na aibu yake, na kuanzia siku ile nyumba haikuwa na amani. Mtoto hakuruhusiwa kushika jembe wala kwenda kwa wenzake. Alikaa na kitabu tangu anaporudi shuleni mpaka giza linapoingia, baba kaketi mbele yake na fimbo juu ya mapaja. Akikosea neno, fimbo. Na kila siku alimwambia, "Ukifeli usirudi hapa kwangu."

Nilipomuuliza Odilia kwa nini amekimbia, alinijibu kwa utaratibu kabisa, kama mtu aliyelifikiria jambo lake njia nzima.

"Baba alisema nikifeli nisirudi. Mimi najua nitafeli. Nikaona nije huku mapema."

Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimeona mengi. Ila maneno yale ya mtoto, na namna alivyoyasema bila kulia, bado yananipa shida.

Baba yako alishauri mtoto apumzike kwanza, tutafute mtu wa kupeleka habari Kirushya. Wakati ule simu alikuwa nayo mwenye duka tu, na mtandao ulipatikana ukipanda kilimani. Tena tulikuwa kwenye kupanda, mbegu zimeshachaguliwa. Baba yako hakukosea. Lakini mimi sikuweza kukaa. Niliingia ndani, nikatoka, nikamfulia mtoto sweta, nikaenda kuuliza magari ya Ngara yanapita saa ngapi, nikarudi nikauliza tena. Mwisho baba yako akasema, "Nenda naye. Ukibaki hapa utazipanda mbegu zote kwenye shimo moja."

Jumanne tulikuwa barabarani kabla jua halijachomoza. Wewe nilikuacha na baba yako. Enzi zile gari halikukatisha pori la kwenda Ngara peke yake, majambazi walikuwa wanasumbua. Magari yalikusanyika, yakasubiri askari waje kuyasindikiza. Askari siku ile walichelewa. Nilishuka, nikapanda, nikamfuata dereva, nikamfuata kondakta, mpaka kondakta akaniambia kwa upole, "Mama, kaa. Hata ukisimama halitaenda."

Nikakaa. Mbele yetu kulikuwa na duka limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Ili kupoteza muda nikamwambia Odilia anisomee. Akaanza. "Tu-na-u-za. Da-wa. Za mi-fu-go. Na pe... pe..." Akanyamaza. Neno lilikuwa pembejeo. Mtoto wa darasa la saba, kesho yake mtihani, na ukuta wa duka unamshinda.

Nikamuuliza, "Ulianza kuachwa na wenzako lini?"

"La tatu."

"Ilikuwaje?"

"Mama alijifungua Yusto wakati wa kuvuna maharage. Nikakaa nyumbani kumbeba mtoto mpaka mavuno yakaisha. Niliporudi wenzangu walikuwa wanagawanya. Mwalimu akauliza nani hajaelewa. Niliona aibu, sikunyoosha mkono."

"Na nyumbani hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, shangazi."

Unaona jinsi kitu kinavyokuwa kidogo? Mavuno ya maharage tu. Kila nyumba kule kwetu ina mavuno ya maharage, na kila nyumba ina mtoto mchanga wa kubebwa. Mtoto alirudi darasani akakuta wenzake wameondoka, akakaa kimya, na kimya chake kikapanda naye darasa la nne, la tano, la sita.

Nikaokota vijiwe pale kando ya gari. Nikamwambia hivi ni maandazi, na hawa ni watoto, mgawie kila mmoja sawa na mwenzake. Alikuwa msichana mkubwa, akaona haya, kisha akacheza. Tukaongeza vijiwe, tukaongeza watoto, vingine vikabaki, akajua mwenyewe kwamba hivyo ni baki. Nikamwandikia vumbini kama wanavyoandika shuleni. Akakokotoa. Nikamwandikia nyingine, akakokotoa. Aliponitazama uso wake ulikuwa umefunguka.

"Kumbe ndiyo hii?" akaniuliza.

Alikuwa ameielewa kabla askari hawajafika, mwanangu. Jambo lililomtesa miaka yote ile lilikwisha tukiwa tunangoja gari. Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nilijisikia vibaya, kwa sababu niliona yale mengine yote ambayo yangeweza kwisha hivyohivyo, na muda wa kuyamaliza haukuwepo tena. Ndipo magari yakaanza kunguruma, tukaondoka.

Tulifika Kirushya jua linazama. Filbert alikuwa uani, ametoka kumtafuta mtoto mpaka mtoni, suruali imelowa. Wifi yangu Skolastika alipomwona binti yake alikaa chini palepale na kujifunika uso kwa kanga. Filbert hakukaa wala hakusogea.

"Shikamoo baba," Odilia akasema.

Hakuitikia. Mimi ni mdogo wake, na kwetu mdogo hamfundishi mkubwa adabu mbele ya mtoto wake. Nikasema hivyohivyo, "Kaka, umeamkiwa."

"Marahaba," akasema, sauti imemkauka. Kisha akamgeukia binti yake. "Mimi nilikukosea nini hata unitie kwenye hofu kama hii? Nilikuambia uondoke?"

"Ulisema nikifeli nisirudi."

"Nilisema ukifeli. Umeshafeli?"

"Bado, baba. Ila nitafeli."

Nikamuuliza taratibu, "Kaka, mwalimu wake wa hesabu anaitwa nani?" Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa bado amejifunika uso. Akanitazama mimi, akaondoka kwenda kwenye migomba, na tukamsikia akikata majani makavu mpaka giza likaingia, majani ambayo hayakuwa na haraka ya kukatwa.

Asubuhi ya Jumatano aliamka kabla yetu. Akachemsha maji yeye mwenyewe, mtoto akaoga, akampa uji. Fimbo sikuiona tena. Akampeleka shuleni, nami nikawafuata nyuma. Getini akasimama kama mgeni, hajui mlango upi ni wa darasa la saba, mpaka Odilia akamwonyesha. Wazazi hatukuruhusiwa kuingia. Tulibaki barabarani siku nzima. Kila kengele ilipolia Filbert aliinuka, akajipangusa suruali, akakaa tena. Tuliongea machache. Mara moja tu aliniambia, "Nilidhani shule ndiyo inayojua. Mimi najua kahawa."

"Na kahawa unaitembelea mwaka mzima," nikamwambia. Sikukusudia kumchoma. Lilinitoka tu. Akainamisha kichwa, na mimi nikajuta, halafu sikujuta.

Odilia alipotoka, baba yake alimwendea haraka, nikaogopa kwamba ataanza kumhoji. Alimuuliza, "Umekula?" Mtoto akasema hapana. Wakaenda wameongozana, mkoba kaubeba yeye.

Ningependa kukuambia kwamba alifaulu. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Matokeo yalipotoka Filbert alikwenda kuyasoma mwenyewe kwenye ukuta wa shule, akarudi, akamwambia Odilia aje ale. Hakufukuzwa, hakutukanwa. Lakini mlango ule ulikuwa umeshafungwa.

Kilichobadilika kilibadilika kwa Yusto, yule mtoto aliyebebwa wakati wa mavuno. Alipoanza shule, Filbert alikuwa akienda kwa walimu bila kuitwa, hata wakaanza kumtania kwamba anataka ualimu. Jioni wakipukuchua maharage alimtaka Yusto aeleze alichofundishwa, na Odilia akiwa hapohapo anasikiliza. Odilia alikuja kusoma vizuri kwa kukaa karibu na mdogo wake. Yusto alifika kidato cha nne, akaendelea mbele. Odilia ananunua maharage kwa wakulima na kuyapeleka sokoni Ngara, biashara inakwenda, na hakuna wa kumdanganya kwenye mzani. Alinitembelea mwaka juzi. Tulikuwa tunamenya ndizi, tunacheka, akasema tu ghafla, "Shangazi, mimi baba alianza kunisomesha baada ya mtihani." Hakuwa na chuki. Aliendelea kumenya. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mimi sina elimu ya kukufundisha ulezi, ila hili nimeliona kwa macho. Nenda shuleni wakati hakuna aliyekuita. Uliza Grasiana anakaa wapi, anakaa na nani, somo gani linamsumbua, na umjue mwalimu wake kwa jina kabla hamjawa na ugomvi. Mahindi na maharage ya chakula cha shule peleka mapema, usisubiri mpaka mtoto aulizwe mbele ya wenzake.

Mavuno yatakuja, na mikono yake mtaihitaji, sisi ni wakulima. Mchukue mchana akisharudi, mchukue Jumamosi. Ikitokea amekosa siku, kwa homa au kwa kazi, kesho yake mtume kwa mwenzake akaulize walichosoma, na wewe umsubiri akueleze. Akueleze kwa lugha yetu. Huko darasani anasikia Kiswahili, nyumbani anasikia lugha nyingine, na mtoto anaweza kukariri maneno asiyoyajua. Akiweza kukusimulia kwa lugha ya nyumbani, ujue limeingia.

Likizo isiwe ya kuchunga mbuzi tu, wala isiwe ya kitabu tu. Aucheze utoto wake. Umsikilize akisoma kidogo, chochote, hata maandishi ya mfuko wa mbolea. Ndoo ya maji ya jioni unaweza kuibeba wewe siku nyingine, hutapungukiwa na uanaume. Na fimbo iweke mbali na kitabu, kwa sababu mtoto akishavizoea vikiwa pamoja atavikimbia vyote. Akikosea muulize. Akisema hajui, mshukuru kwa kukuambia.

Halafu hata akifika la saba hutakuwa na jipya la kufanya. Utamwamsha, utampa uji, utamsindikiza kama siku nyingine.

Kesho ni siku ya shule, Deo. Shamba halitahama. Nenda nusu saa tu, halafu unipigie uniambie mwalimu wake anaitwa nani, labda nitaweza kukaa chini nikala.

Mungu akupe subira ambayo mimi mama yako sina. Aibariki mikono ya mkeo, awape mvua ya kutosha na isiyozidi. Grasiana akue na afya, akili yake ipate mwanga, na kila anapofika nyumbani amkute mtu wa kumuuliza siku yake ilikuwaje. Amina, mwanangu.