Punje Kumi na Moja

Kompyuta za shule yetu zilinuka vumbi lililochomwa. Ukiwasha moja, harufu hiyo ilipanda taratibu ikachanganyika na ya mbuzi tuliyokuja nayo kwenye sweta, maana wengi wetu pale karibu na Kiritiri tulifungulia mifugo kwanza ndipo tukakimbilia darasani. Kompyuta zilikuwa sita, nasi wa darasa la saba tulipita thelathini. Mwalimu Njiru, kijana mrefu aliyependa mzaha lakini hakupenda uvivu, alichagua sita wa kukaa, wengine wakasimama nyuma kutazama. Nilikuwa miongoni mwa wale sita, na kusema kweli niliringa. Kisha akatangaza kwamba Ijumaa angetupima, na atakayeshindwa angempisha mwingine hadi mwisho wa muhula. Nilikipenda kile kiti kuliko viatu vyangu vya Krismasi.

Tulikuwa tunajifunza stringi. Ndivyo maandishi yanavyoitwa katika kazi ya kompyuta: herufi zilizopanga foleni, zikafungiwa kati ya alama za kunukuu. Niliandika jina langu, "Muthoni", nikaiamuru mashine inipe herufi nambari 1. Ikanipa u. Nikaomba nambari 7, nikijua ndiyo ya mwisho, ikanijibu kwa maandishi mekundu kwamba haipo. Nilihesabu tena kwa vidole: saba. Nikarudia, nikaletewa wekundu ule ule. Mwalimu alipita akasema tu kwamba mashine huanza na sifuri, tuzoee. Nani huanza na sifuri? Nilienda nyumbani nimenuna, nikikiona kiti changu kinaniponyoka.

Jioni hiyo kengele ya Mzungu ilinifikia kabla ya vumbi la mbuzi. Mzungu alikuwa mbuzi jike mweupe, kiongozi wa kundi la Cucu, nyanya yangu aliyenilea. Kwetu mifugo haihesabiwi ovyo; ukiinyooshea kidole na kutaja idadi, wazee watakwambia umeita balaa. Cucu alikuwa na njia yake. Aliketi mlangoni pa zizi na punje za ndengu mkononi, na kila mbuzi alipoingia, aliangusha moja kwenye mkebe. Lakini Mzungu alipopita, hakuangusha kitu. Nilikuwa nimeyaona hayo maisha yangu yote bila kuuliza. Siku hiyo niliuliza.

"Huyo ni wa kufungua njia," alisema kwa Kimbeere chake cha polepole. "Punje ya kwanza ni ya anayemfuata. Mtu akichungulia mkebe, hatajua wangu ni wangapi."

Mkebeni mlikuwa na punje kumi na moja. Zizini idadi ilikuwa nyingine, ambayo hata leo sitaiandika. Nikatazama mkebe, nikatazama zizi, nikaelewa. M ya jina langu ilikuwa Mzungu! Yeye hana punje, basi nambari yake ni sifuri, na herufi yangu ya saba inashika nambari sita. Nilipiga kelele mbuzi wakashtuka, Cucu akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Ijumaa Mwalimu aliandika sentensi iliyopita ukingo wa skrini, akatutaka tutoe alama yake ya mwisho bila kuhesabu kwa macho. Wawili walionitangulia walipata wekundu. Niliiuliza mashine urefu wa stringi, nikaondoa moja, nikabonyeza. Ikatoka nukta. Darasa likaangua kicheko, wakidhani nimekosea.

Mwalimu akainamia skrini. "Wacheni kucheka. Hii sentensi si nimeimaliza na full stop? Hata hiyo inahesabiwa. Hata space." Akanigeukia. "Sasa explain, Muthoni. Mbona umetoa moja?"

"Kwa sababu yule wa mbele hapewi punje, Mwalimu."

Nikamweleza habari za Mzungu na mkebe. Akanipa chaki na kunipeleka ubaoni niwaeleze wote, waliokaa na waliosimama. Sijawahi kujiona mrefu kama siku ile.

"Kiti nimebaki nacho, Cucu," nilimwambia nyumbani. "Nimewafundisha kwa mbuzi wako."

Uso ulimbadilika. "Uliwaambia ni wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akakifungua kiganja changu na kukitemea mate kidogo, baraka ya wazee wetu. Nilikaa muda mrefu bila kunawa.

Leo naandika programu katika ofisi moja mjini Embu, na Jumamosi nafundisha watoto. Mashine zao hazinuki vumbi, na kila mtoto ana yake. Hakuna anayesimama nyuma. Naona fahari kwa hilo, ingawa sijui kama kuna anayekipenda kiti chake kama nilivyokipenda changu. Tukifika kwenye sifuri, nawaeleza mkebe wa ndengu, na hakosekani mmoja wa kuuliza Cucu alikuwa na mbuzi wangapi hasa. Cucu hayupo tena, na zizi lilishavunjwa. Nawajibu kumi na mmoja.