Shikamoo kwa Ukuta

Kila fundi anapomwagia maji ukuta wa jirani, mimi husogea kunusa. Harufu ya saruji mbichi hunirudisha kwenye reli iliyopita nyuma ya shamba letu la pamba.

Mvua ilikuwa imekula tuta lake, reli zikaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na mama akakwama Tabora. Wanaume wakajenga upya ukuta wa mawe na saruji wa kuuzuia mto usile tuta, ukawa mrefu kuliko nyumba yetu.

Siku ya treni ya kwanza nilisimama bondeni na bibi. Kijijini hakuna aliyemzidi umri. Tangu nizaliwe nilimsikia akisema marahaba tu. Treni ikaja polepole, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Ardhi ikatetemeka mpaka magotini mwangu. Ukuta haukutikisika.

Bibi akapiga magoti kwenye matope.

"Shikamoo," akauambia ukuta.

Honi ikalia juu yetu. Dirishani nikaona kitenge cha mama kikipepea.

"Ukuta umeitika, ng'wanawane, mwanangu," bibi akasema, wala hakuinuka mpaka behewa la mwisho lilipopita.