Shangazi Ananilisha Jikoni, Baba Mdogo Anasema Ni Aibu

Msomaji wetu mmoja wa Songea ametuomba tufiche jina lake, nasi tumelificha. Maneno ni yake mwenyewe.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na miwili, karani hapa Songea. Nilisoma pwani, sijaoa, na nakaa kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Nimechoka, ndugu zangu. Naandika kwa uangalifu kwa sababu mji wetu ni mdogo na makarani si wengi, lakini nikinyamaza naona nitarudi nilikotoka.

Wakati wa vita vya Maji Maji kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria Wajerumani katika chumba cha mahojiano. Mtu analetwa, anaulizwa, anajibu kwa Kingoni, mimi nasema kwa Kiswahili. Sitaeleza zaidi. Waliokuwapo wanajua, wasiokuwapo wamshukuru Mungu. Nikitoka mle ndani nilikuwa siwezi kumeza. Mwanzoni koo lilikataa lenyewe. Baadaye nikawa nakataa mimi. Nikibaki na tumbo tupu hofu ilitulia kidogo, nikajiona mtu mwenye amri juu ya jambo moja duniani. Nikaacha nyama, nikaacha kunde, nikawa naonja uji mwepesi na kuwahi kunawa kabla ya wenzangu.

Siku moja tunakula, askari mmoja akanikazia macho. "Karani, nyama huli, kunde huli. Umepewa mwiko na nani wewe?"

Kila mtu wa huku anajua kwamba waliokunywa ile dawa ya maji walipewa miiko, na siku zile neno hilo lilitosha kumfikisha mtu kitanzini. Aliyeniokoa ni karani mkubwa, mtu wa Kilwa mwenye mzaha. "Huyu anywe dawa ya vita? Huyu maji ya mtungi tu yanampalia!" Wakacheka. Nikachukua mnofu, nikaula, kisha nikaenda nyuma ya banda nikautapika.

Haukupita muda nikaanguka kazini. Shangazi akaja kunichukua. Alinilisha uji wa ulezi kama mtoto, kidogo kidogo. Nilipofumba mdomo alisema, "Mwanangu, nimezika watu waliotamani kula wakakosa. Usinichekeshe. Meza." Nikameza. Nywele zilizokuwa zikinyonyoka zikaota, miguu ikapata nguvu, nikarudi kazini. Sikupona kwa kupenda chakula. Nilipona kwa kula hata nisipotaka, asubuhi, mchana na jioni.

Sasa vita vimekwisha, njaa imebaki. Mashamba yalichomwa, watu wanachimba mizizi porini. Mimi napata posho ya unga. Nikaona Shangazi ananipakulia sahani ikajaa, yeye anasema, "Nimeshaonja jikoni." Nikajua haonji kitu. Nikaanza kumwachia nusu, kisha na nusu yangu nikawa nampa jirani mwenye watoto wadogo. Watu wakanisifu: "Karani ana huruma!" Kumbe, wasomaji, nilikuwa nasikia ule utulivu wa zamani ukirudi. Nikajikuta nazungusha vidole kwenye mkono wangu wa kushoto kupima kama umepungua. Ulipopungua nikafurahi.

Shangazi akaona. "Umeanza tena."

"Shangazi, watu wana njaa."

"Watu wana njaa. Wewe una kitu kingine. Usikivishe nguo za njaa yetu."

Akakata shauri. Cha jirani anakitoa yeye katika unga, kabla hajasonga. Kinachosongwa tunakula sisi wawili, sahani moja, jikoni. Mimi nikimega, yeye anamega. Yeye akisita, namngoja. Yeye hawezi kusema ameonja, mimi siwezi kusema nimeshiba. Si chakula kingi, lakini kinatusimamisha wote wawili, na mkono wangu umeacha kupimwa.

Shida ni baba mdogo, mdogo wake Shangazi. Alikuja akatukuta tunakula, akasimama mlangoni kama aliyefumania wachawi.

"Dada, unamfanya nini huyu? Mwanamume anakula jikoni, sahani moja na mwanamke?"

"Anakula," Shangazi akajibu bila kuinua uso. "Hilo ndilo ninalomfanya."

Baba mdogo hakucheka. Amesema nihamie barazani kwake nile na wanaume wa ukoo, la sivyo hatakwenda kuniposea mke. Tena anasema watu wameanza kuuliza kwa nini karani anajificha kula, na mimi nikisikia kula kwangu kunaulizwa, nalisikia tena lile neno la mwiko. Namheshimu, baba yangu akiwa kaburini, yeye ndiye baba. Lakini naijua baraza. Kwenye sinia la wanaume mikono ni mingi. Anayemega kidogo haonekani, na akiwahi kunawa anaitwa mtu wa adabu. Pale nitakufa huku nasifiwa.

Ukweli sijamwambia, na ugonjwa wenyewe sijui unaitwaje. Baba mdogo amezika mtoto kwa njaa, mtoto aliyekuwa akilia apewe hata maganda. Nitamtazama vipi usoni nimwambie kwamba mimi chakula kilikuwa mbele yangu na nikakikataa?

Nikienda barazani, naogopa mwili wangu. Nikibaki jikoni, nampoteza baba na huenda nikakosa mke. Nikisema yote, naogopa macho yake kuliko nilivyomwogopa yule askari. Wenye busara, na hasa mliowahi kukataa chakula mkarudi, msinicheke. Shangazi ananiita, ugali umeiva. Ameshanawa, na hatamega mpaka nifike. Nikikawia, yeye ndiye atakayekaa na njaa. Nakwenda kula. Nanyi nishaurini, nifanye nini?